Dumu Lisilopimwa

Saa saba mchana ndipo uchochoro ule ulipojaa kupita kiasi. Wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakitoka kutafuta chakula, wauza vifaa vya simu wakiita wateja, na kila mtu akipita kana kwamba njia ni yake peke yake. Katikati ya msukumano huo msichana wa duka la miwani alitokea mlango wa nyuma, koti lake jeupe la kazini limefungwa vifungo vyote, sketi ya manjano ikichungulia chini yake. Aliinama kuchukua dumu lake la maji, likainuka jepesi mno. Lilikuwa tupu.

Kwa miaka mitatu dumu lile lilikaa pale, chini ya bomba dogo la kiyoyozi cha duka la simu, likipokea tone baada ya tone, na kila mchana alilikuta limejaa. Akainua macho. Bomba lilikuwa limeunganishwa na jingine jipya linalokwenda moja kwa moja mtaroni, na juu ya ngazi alisimama mwanaume mwenye ovaroli ya bluu, anakaza skrubu ya mwisho huku akipiga mluzi.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

"Nazuia maji yasiwamwagikie watu," akajibu bila kugeuka. "Pole, dada. Umelowa?"

"Hayo maji ni yangu!"

Hapo akageuka. Alimtazama usoni, akatazama dumu, akarudi usoni, na skrubu akaisahau. "Maji ya kiyoyozi ni yako?"

"Ndiyo."

"Unayanywa?"

"Nanyweshea mimea. Mimea inayokula wadudu. Maji ya bombani yana chumvi na chokaa, yanaiua polepole. Mvua hakuna. Haya yanatoka hewani, hayana kitu ndani yake. Na wewe umeyapeleka mtaroni!"

Wapita njia wawili watatu walisimama kusikiliza. Fundi alishuka ngazi taratibu, akapangusa mikono kwenye ovaroli. "Miaka tisa nafanya kazi hii. Watu wamenitukana kwa sababu mashine inavuja. Wewe ndiye wa kwanza kunitukana kwa sababu haivuji."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, ingawa alitaka. Fundi akapanda tena, akakata bomba lake jipya, akaweka koki ndogo ya plastiki pembeni. "Ukitaka maji, fungua. Ukimaliza, funga. Na nipe namba yako, nijue kama koki inavuja."

"Ikivuja nitafurahi."

"Basi nipe, nijue kama umefurahi."

Akampa. Alijilaumu mchana kutwa kwa kumpa, na jioni simu ilipolia akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Hallo, Miwani. Koki haijambo?"

"Haijambo, Baridi. Na anayeniita Miwani ajue kwamba mimi sivai miwani."

"Na mimi sioni baridi, lakini jina nimelipokea."

Hivyo ndivyo majina yalivyokaa. Baridi alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, mwenye vidole vilivyokwaruzwa na mabati, na alipotoka kazini alinuka dawa kali ya kusafishia koili, yale mabomba ya ndani ya kiyoyozi, harufu fulani kama ya ndimu iliyochanganywa na dawa ya chooni. Miwani alikuwa mtu wa vitu vidogo. Kutwa alishika skrubu zisizoonekana na kukata vioo vya miwani kwa vipimo ambavyo kosa la unywele mmoja lilimrudisha mteja na maumivu ya kichwa. Aliyekuwa mchumba wake alimshinda kwa vitu vidogo hivyo hivyo. Hakuwa mhuni, hakuwa mlevi. Alikuwa mwongo wa mambo madogo. Akisema yuko njiani, yuko kitandani. Akisema amekula, hajala. Mwaka wa pili Miwani alimrudishia pete, akaapa kwamba hatakaa tena na mtu ambaye neno lake lazima lihakikishwe kwa jirani.

Siku Baridi alipofika nyumbani kwa mara ya kwanza, ghorofa ya nne na lifti mbovu, Shangazi alimpokea mlangoni akiwa ameshika kiuno. Shangazi ndiye aliyemlea Miwani, na ndiye mwenye nyumba.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeweka koki ya maji ya hao walaji? Ingia. Tahadhari, dirisha la jikoni lina meno."

Kweli lilikuwa nayo. Rafu tatu zilijaa vyungu. Palikuwa na mmea wenye vikombe vinavyoning'inia, na mwingine wa nywele nyekundu zenye matone. Palikuwa pia na mmea wa vinywa vinavyofumba, na Baridi aliingiza kidole humo hapo hapo.

Miwani akampiga kofi mkononi. "Ukiuchezea unachoka! Kinywa kikifumba bure mara nne tano, kinakufa."

"Samahani, bwana mkubwa," Baridi akauambia mmea, na Shangazi akacheka mpaka akashika mlango.

Lakini katikati ya rafu, peke yake, alikaa Sahani, mmea ambao Miwani alikuwa ameupa jina. Majani yake mapana ya kijani hafifu yalilaliana kwa mzunguko, makubwa kama sahani ya kulia wali, na yote yalinata. Ukiinama uliona usubi mdogo mweusi umekwama juu yake, ishirini, thelathini, mmea ukiwayeyusha taratibu bila kusogea. Miwani alikuwa amemkuza kwa miaka sita kutoka jani moja aliloletewa na mteja mzee ndani ya kikasha cha miwani.

"Jani moja tu?" Baridi akauliza.

"Jani moja. Ukilitoa zima, na ile ncha yake nyeupe ya chini, ukalilaza juu ya mchanga wenye unyevu, linaota." Akalegeza jani la nje kabisa, akalichomoa, akamlazia Baridi kiganjani. "Chukua. Usilifukie. Usiliwekee mbolea, usilipe maji ya bombani."

"Unanipa mtihani?"

"Nakupa jani."

Baridi alilipokea kwa mikono miwili, na Shangazi akamtupia jicho mpwa wake, lile jicho la shangazi wote wenye mpwa wa miaka thelathini na moja.

Mwezi wa tatu tangu wajuane, duka la simu likahama, kiyoyozi kikazimwa, koki ikakauka. Miwani alikaa jikoni kashika tama. Baridi akapiga simu.

"Mpenzi wangu, unalilia maji? Unajua mimi naishi na viyoyozi?"

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alipanda ghorofa nne na dumu begani, jasho likimtiririka, Shangazi akimpigia makofi kutoka juu. Miwani alikuwa na kipimo chake, kijiti chenye namba kama saa ya mezani. Ukikichovya majini kinakuambia ni vitu kiasi gani vimeyeyuka humo. Maji ya bombani yalisoma mia tatu na zaidi. Mimea yake haikutaka yazidi hamsini. Dumu la kwanza la Baridi alilipima likasoma tano. La pili sita. La tatu nne. Dumu la nane, Baridi akiwa sebuleni anakunywa chai na kumchekesha Shangazi, Miwani alishika kijiti, akakitazama, akaona aibu. Mtu anabeba kilo ishirini ghorofa nne kwa ajili yako, nawe unamchungulia kwa kijiti? Akakitia droo ya vijiko, akafunga. Usiku huo alilala akitabasamu, maana alikuwa amemwamini mtu.

Dumu la kumi na mbili lilikuja Jumapili badala ya Jumamosi. Baridi alilitua jikoni kwa madaha. "Haya leo ndiyo maji masafi kuliko yote. Usiniulize kitu."

Hakumwuliza. Alinywesha vyungu vyote, Sahani akampa ya kutosha.

Baada ya siku mbili, utomvu ulikauka kwenye majani ya Sahani. Siku ya tatu kingo ziligeuka kahawia. Siku ya tano moyo wa mmea, pale majani mapya yanapoanzia, ulikuwa rojorojo, na Miwani alipougusa majani yakabaki kidoleni. Mmea wa nywele nyekundu nao ulikuwa umelala chali. Alisimama mbele ya rafu akiwa bado na koti la kazini, mkoba begani. Akafungua droo ya vijiko. Akakichovya kijiti kwenye maji yaliyobaki dumuni.

Mia mbili arobaini.

Alipiga simu akiwa amesimama pale pale.

"Hallo, mpenzi..."

"Haya maji umeyatoa wapi?"

"Maji yapi?"

"Ya Jumapili. Umeyatoa bombani."

"Miwani, nimeyatoa kwenye mashine."

"Kipimo kinasema mia mbili arobaini."

"Kipimo kinasema nini mimi sijui. Mimi nimekaa saa tano nasubiri matone."

"Ulichoka kusubiri ukajazia bombani. Sema tu! Ungesema huna maji ningekuelewa. Sahani amekufa, Baridi. Miaka sita!"

Sauti ya upande wa pili ikaja ikiwa imebadilika. "Sasa unaniamini mimi au unakiamini kijiti?"

"Kijiti hakijawahi kuniambia kiko njiani kumbe kimelala."

"Huyo si mimi," Baridi akasema. "Unagombana na mtu ambaye mimi simjui, halafu unanipiga mimi." Akakata.

Wiki tatu zilizofuata kila kitu kilimkera. Alichagua majani sita ya Sahani yaliyokuwa na nafuu, akayalaza juu ya mchanga, na yote sita yakaoza. Aliweka beseni barazani kusubiri mvua; mawingu yakaja, yakasimama, yakaenda kunyesha kwingine. Kazini alifunga kioo cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, na mama mmoja mtu mzima akarudi akisema toka avae miwani hiyo ngazi za nyumbani kwake zimeongezeka. Jirani alimwona na beseni akamwuliza, "Mama Nzi, wanao hawajambo?" na Miwani akaingia ndani bila kujibu, jambo ambalo si adabu na alilijua. Akishika simu, anaiweka. Akiiweka, anaishika. Alimkasirikia Baridi kwa kumdanganya, akamkasirikia kwa kutopiga, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa sababu alikuwa bado anamtaka, na hasira zote tatu zilikuwa zinagombania kifua kimoja.

"Kununa huko kumenichosha," Shangazi akasema. "Mmea umekufa, umezikwa, matanga yaishe."

"Si mmea, Shangazi."

"Najua si mmea. Ndiyo maana nasema yaishe."

Jumamosi ya nne Miwani alikuwa anapiga pasi, akasikia Shangazi anamwita kutoka bafuni.

"Hebu njoo! Haya maji yako ya mashine yana nini? Nimeona yanakaa bure, nikaoshea kioo cha dirisha. Nimesugua bila sabuni, na povu hilo hapo!"

Miwani aliacha pasi ikiwa imesimama. Kitambaa mkononi mwa Shangazi kilikuwa kimejaa povu jeupe. Akalinyakua dumu, maji yaliyobaki yalikuwa kidogo chini, akalitikisa kwa nguvu. Povu likapanda mpaka mdomoni. Akalinusa. Ndimu na dawa ya chooni. Ile harufu ya ovaroli ya bluu.

Akakaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea. Yeye, ambaye kila siku alifuta vioo vya watu kwa dawa yenye povu, alikuwa na dumu hili ndani ya nyumba wiki nne nzima na hakulitikisa hata mara moja. Kijiti kilisema kuna kitu majini. Hakikusema ni kitu gani. Neno la bombani alikuwa ameliongeza yeye mwenyewe.

"Shangazi, hakunidanganya."

"Mimi nilijua," Shangazi akasema, ambaye hakujua lolote. "Mpigie."

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika mfupi zaidi: *Naomba tuonane.* Ukaonekana umesomwa. Jibu halikuja, si jioni, si asubuhi.

Jumatatu akaomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la kijani lenye mkanda, lile alilowahi kuambiwa na Baridi kwamba linamfanya asahau alichotaka kusema, akachukua dumu lile lile, sasa tupu, akaenda karakana ya Baridi. Baridi hakuwepo. "Kaenda kazini, atarudi," akaambiwa na fundi friji wa jirani, na neno hilo *atarudi* likamkalisha saa moja na nusu juu ya kigoda, katikati ya mashine zilizofunguliwa matumbo, jasho likimharibia gauni. Mara mbili alisimama aondoke. Ukutani palikuwa na kiyoyozi kimoja kikuukuu, vumbi limekishika kama kofia, kinanguruma na kudondosha maji ndani ya ndoo. Na pale dirishani, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri kuliko kitu chochote kingine humo ndani, palikuwa na kikopo cha maziwa mgando.

Miwani akasogea. Ndani ya kikopo palikuwa na mchanga wenye unyevu. Jani alilompa lilikuwa limekauka limebaki ganda la kahawia, na kwenye ncha yake nyeupe walikuwa wamekaa watoto wanne, kila mmoja kama kifungo cha shati, majani yao yaking'aa utomvu. Mmoja tayari alikuwa ameshika usubi.

"Usiiguse hiyo," sauti ikasema mlangoni. "Ukiichezea inachoka."

"Hii haichoki," Miwani akasema bila kugeuka, kwa sababu machozi yalikuwa yamefika. "Ni ile ya vinywa inayochoka."

Baridi akatua mkoba wa vifaa. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni ndevu. Hakusogea karibu.

"Ulisoma ujumbe wangu."

"Niliusoma. Sikujua kama unataka kuonana na mimi au na yule mwingine."

"Hilo nimestahili. Niambie kitu kimoja tu. Dumu la Jumapili, ulikinga mashine ipi?"

"Sasa ndio unauliza?"

"Sasa ndio nauliza. Nilipaswa kuuliza siku ile."

Baridi akavuta pumzi. "Ya ofisi ya mawakili. Nilienda siku yangu ya kupumzika, walikuwa wamefunga, mlinzi akaniruhusu. Niliiosha kwanza. Nilisugua koili kwa dawa mpaka ikang'aa, nikaisuuza, ndipo nikakinga dumu. Nilisema moyoni, mashine nyingine zina vumbi, huyu nimpelekee maji yaliyopita mahali pasafi. Nilitaka ufurahi."

Miwani alimimina maji kidogo kutoka ndoo ile ndani ya dumu, akafunga kifuniko, akalitikisa, akamfungulia. Dawa iliyoganda kwenye kuta za dumu ikatoa povu jepesi. Baridi aliinama, akanusa, na uso wake ukabadilika. Akakaa juu ya mashine iliyokuwa karibu.

"Dawa ya koili," akasema. "Inabaki kwenye vibati vya koili. Inadondoka na maji siku mbili tatu. Najua hilo. Miaka tisa nalijua hilo!" Akajipiga paja. "Basi ni mimi. Sahani nimemwua mimi."

"Umemwua wewe, lakini uongo nilikubandika mimi. Tena nilikuwa napima kila dumu, Baridi. La nane nikaacha. Niliona kupima ni kukutilia shaka."

"Kumbe ulikuwa unapima?"

"Ungekasirika?"

Baridi akacheka, kicheko kifupi kilichochoka. "Miwani, mimi nikifika kazini nikaambiwa umeme umezimwa, nashika waya? Kwanza naweka mita. Hata aliyezima akiwa mdogo wangu wa tumbo moja, naweka mita. Si kwamba simwamini. Ni kwamba nataka kurudi nyumbani." Akamtazama. "Ungenipimia kila dumu mbele ya macho yangu, nisingeona vibaya. Kilichoniuma ni kwamba hukupima, halafu ulipopima, ukanihukumu."

Miwani akafungua mkoba, akatoa kijiti. Akakichovya kwenye ndoo iliyo chini ya kile kiyoyozi chenye kofia ya vumbi. Wote wawili wakainama kutazama, vichwa vikikaribiana.

"Nne," Miwani akasema, na hapo akalia wazi wazi.

"Hiyo mashine sijaiosha tangu niinunue. Naona aibu hata kuitaja mbele ya wateja."

"Usiioshe!"

"Siku nikiiosha, nitakuambia kabla."

"Na mimi nikiwa na neno, nitauliza kabla ya kusema." Akapangusa macho kwa mkanda wa gauni. "Hawa wanne, mpaka wawe kama Sahani, ni miaka. Miwili, mitatu. Wakitunzwa."

"Miaka mitatu nipande zile ngazi kila Jumamosi? Halafu jioni nishuke?" Baridi akakichukua kikopo, akakiweka mikononi mwa Miwani kwa mikono miwili, kama alivyolipokea jani siku ile. "Miwani, mimi nimechoka kushuka. Nioe nikae huko huko juu, au uje tukae chini. Lakini tukae pamoja."

Simu ikalia mkobani. Shangazi, ambaye hajawahi kujua kuongea simuni bila kupiga kelele, alisikika karakana nzima. "Umempata?"

"Nimempata, Shangazi."

"Amekasirika?"

"Kidogo. Ameniomba tuoane."

"Muulize, Jumamosi anakuja na dumu au anakuja na wazazi wake? Maana mimi ngazi hizi sifagii bure!"

Baridi akainamia simu. "Vyote viwili, Shangazi! Dumu atabeba baba!"

"Baba wa watu ghorofa nne? Huna huruma!" Lakini alikuwa anacheka, na hakukata simu, ila aliisahau wazi, wakamsikia akimwita jirani.

Miwani alikishika kikopo kifuani, kijiti kikiwa bado mkononi kinadondosha maji. "Dumu likifika mlangoni nitalipima," akasema. "Hata mbele ya baba yako."

"Lipime," Baridi akasema.